Modeli ya T-55 iliyogoma kufungwa: uchambuzi wa kisa

Usuli

Kisa hiki kinamhusu fundi mstaafu wa injini za dizeli, mkazi wa mji mmoja wa pwani, aliyejenga modeli ya T-55, kifaru cha Kisovieti, yenye kila kitu ndani: viti, giaboksi, makombora, redio, injini nzima na rejeta yake. Majina, mji na kampuni iliyotengeneza seti, yaani sanduku la vipande vya kuunganisha, vimeondolewa. Yeye nitamwita Fundi, na kijana aliyemsaidia nitamwita Mpwa, kwa kuwa ndivyo walivyo.

Seti ya kawaida ya kifaru ni ganda tupu. Unagundisha bodi, magurudumu, minyororo na mnara unaobeba mzinga, unapaka rangi nje, kazi imekwisha. Seti yenye sehemu za ndani ni mnyama mwingine. Vipande vinaweza kupita elfu moja, na bodi haiji ikiwa sanduku moja bali sakafu, kuta, mbele, nyuma na paa, kila kimoja peke yake, vyote vikisimama juu ya fremu ya ndani. Katika skeli ya 1:35, yaani modeli ni ndogo mara 35 kuliko kitu halisi, T-55 ambayo kwa kweli ina upana wa mita 3.27 na urefu wa karibu mita 9 pamoja na mzinga, inakuwa na upana wa sentimita 9.3 na urefu usiofika sentimita 26. Humo ndimo vinamoingia vipande vyote hivyo.

Fundi hakuwa mpenzi wa vita. Alichotaka ni injini. T-55 inatumia V-55, dizeli ya silinda 12 yenye ujazo wa lita karibu 39 na nguvu ya farasi 580, ya ukoo mmoja na ile ya T-34, kifaru cha Kisovieti cha Vita vya Pili vya Dunia. Tofauti ni mkao. Kwenye T-34 injini inafuata urefu wa kifaru; kwenye T-55 imelazwa kwa upana, mtindo ulioanza na kifaru cha T-44 mwaka 1944, ili chumba cha injini kiwe kifupi. Nguvu inatokea ubavuni, inapita kwenye boksi la meno, kisha inarudi kwenye giaboksi iliyo nyuma ya injini. Fundi alitaka vijana wa gereji aliyowahi kuisimamia waone mpangilio huo kwa macho. Lengo hilo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza, na mengi ya yaliyoharibika baadaye yanatokana na kuliacha kando wakati wa kujenga.

Seti ililetwa na Mpwa kutoka Ulaya ndani ya sanduku la nguo. Gundi na rangi hazikuja. Vina viyeyusho vinavyoshika moto, na mashirika ya ndege hayaviruhusu kwenye mizigo ya abiria. Kwa mjenzi wa Ulaya hilo ni jambo dogo. Huku kwetu ndilo linaloamua nusu ya kazi, maana mafundisho karibu yote ya ujenzi wa modeli yanadhani unaye muuzaji wa rangi hizo mtaani kwako.

Kifaru cha nani?

Mwanzoni Fundi alitaka kijengwe kifaru cha JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jeshi letu lilipata vifaru vya Type 59 kutoka China, na Type 59 ni nakala ya T-54A, toleo la T-54, kifaru kilichotangulia T-55. Kwa mbali ukiitazama na T-55, ni mapacha.

"Mjomba," Mpwa alimwambia walipokuwa wakipanga mezani fremu za plastiki zinazoshika vipande kabla ya kukatwa, "hiki si Type 59. Ukikiandika JWTZ utakuwa umewadanganya watu."

"Nani atakayejua?"

"Ukikifungua paa, kila anayejua atajua."

Alikuwa sahihi. Kama modeli ingekuwa ganda tupu, marekebisho yangekuwa madogo: kuba la feni juu ya mnara, ambalo T-54 inalo na T-55 haina, na vitu vichache vya nje. Lakini ndani ni nyumba mbili tofauti. T-54 inabeba makombora 34, T-55 inabeba 43. T-55 ina sakafu inayozunguka pamoja na mnara, T-54A haina. Injini ya T-54 ni V-54 yenye nguvu farasi 520. Kuigeuza seti ya T-55 iwe Type 59 kungekuwa kutengeneza upya robo ya vitu vya ndani kwa kukisia.

Fundi aliamua kubadili kifaru badala ya kubadili ukweli. Vifaru vya T-55 vya Libya vilikuja kumsaidia Idi Amin na vilipigana Lukaya, Uganda, mwezi Machi 1979, kwa hiyo kifaru hicho nacho kimo kwenye historia ya vita vya Kagera, ila upande wa pili. Hakubandika namba wala alama yoyote ya jeshi, kwa sababu hakuwa na picha ya kuaminika ya gari moja mahsusi. Naona huo ndio uamuzi bora katika kisa chote, na haukumgharimu chochote.

Palikuwa na mtego mwingine. T-55 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1958 ina bunduki ndogo iliyofungwa karibu na dereva, ikipiga kupitia tundu dogo kwenye bamba la mbele. T-55A, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, haina bunduki hiyo. Badala yake imevikwa ndani kitambaa kinene chenye risasi, kile chuma laini cha kijivu, ili kuwakinga askari na mionzi ya nyuklia. Seti ilikuwa na vipande vya aina zote mbili. Fundi alikuwa ameshakata bunduki ya dereva na pia vipande vya ukuta mnene wa mnara. Kama angevigundisha vyote angepata kifaru ambacho hakikuwahi kutoka kiwandani. Mpwa aligundua kabla ya gundi, kwa kuangalia kingo za milango ya juu kwenye picha: kwenye T-55A kitambaa kile kinaonekana hata nje, kimefanya ukingo mnene kuzunguka milango. Wakachagua T-55 ya mwanzo, bila kitambaa, kwa kuwa kuta tupu zinaonyesha zaidi vilivyofungwa juu yake.

Rangi ya magari juu ya plastiki

Rangi ilitoka kwenye duka la rangi za magari: praima, kijivu chepesi kinachoelekea nyeupe kwa ajili ya ndani, rangi ya fedha kwa injini, na kijani kwa nje. Pamoja nayo thina ya selulosi.

Thina hiyo huyeyusha polistireni, ambayo ndiyo plastiki ya modeli. Ndipo ilipo hatari, na ndipo ilipo pia faida. Fundi aliitumia kama gundi: unashikanisha vipande viwili vikavu, unagusisha ncha ya brashi iliyolowa thina kwenye mshono, nayo inajipenyeza yenyewe na kuviunganisha. Mabaki ya fremu aliyaloweka kwenye kichupa chenye thina mpaka yakawa uji mzito, akapata puti ya kuzibia nyufa iliyo plastiki ileile ya modeli. Kwa vipande vya chuma chembamba alitumia supa glu.

Kwenye kupuliza rangi ilibidi awe mwangalifu. Alijaribu kwanza kwenye fremu zilizobaki. Koti la maji mengi lilitafuna maandishi madogo ya plastiki. Koti jepesi, karibu vumbi, likaachwa likauke kabla ya lingine, halikudhuru kitu. Kazi hii ilifanyika uani, hewa ikipita, na kwa barakoa yenye chujio la mvuke. Kitambaa puani hakisaidii kitu mbele ya thina.

Kisha ikaingia masika. Rangi ya selulosi hukauka upesi, na kiyeyusho kinapopaa hupoza uso wa rangi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hushika pale na rangi inatoka na ukungu mweupe. Kwenye kuta za kijivu chepesi haukuonekana. Kwenye viti vyeusi na maboksi ya redio ulikuwa kama unga. Fundi alilijua tatizo hili tangu enzi za gereji. Alisubiri mchana mkavu, akapuliza ukungu wa thina nzito inayochelewa kukauka juu ya vipande vilivyoharibika, rangi ikalainika kidogo na weupe ukaondoka. Hakuna kijitabu cha modeli kilichomfundisha hilo.

Kuta zilianza kuegemea nje

Kuanzia hapo walifuata kijitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa. Sakafu, chumba cha dereva na levea zake mbili za kukatia kona, mitungi ya hewa ya kuwashia injini, betri, rafu ya makombora iliyo ndani ya tangi la mafuta upande wa kulia wa dereva. Kila bamba lilipakwa rangi likiwa peke yake, pande zote, likakauka, likavikwa vitu vyake vidogo. Nyaya za umeme zilitolewa kwenye waya wa chaja mbovu ya simu. Nyuzi zake za shaba zinakaa vizuri zikikunjwa.

Siku ya kusimamisha kuta, gundi haikushika. Thina huunganisha plastiki na plastiki, na kingo zote zilikuwa na praima na rangi. Ilichofanya ni kulainisha rangi, kuta zikateleza kidogo kabla ya kukauka. Ukuta wa kulia uliegemea nje kwa kiasi ambacho jicho halikukiona. Injini ikaingia, giaboksi ikaingia, rejeta ikalala juu ya giaboksi mahali pake. Paa la chumba cha injini lilipowekwa, likabaki juu kwa zaidi ya milimita 1 upande mmoja.

Milimita 1 kwenye skeli hii ni sentimita tatu na nusu kwenye kifaru halisi. Hakuna anayeweza kujifanya haioni.

Uamuzi wa kukata

Njia ya kwanza iliyofikiriwa ilikuwa kulibana paa kwa vibanio na supa glu. Mpwa aliipenda. Fundi alikataa kwa hoja ya gereji: kitu kilichobanwa kwa nguvu kinakaa siku hiyo tu, kisha joto la mchana linakiachia. Njia ya pili ilikuwa kusaga rejeta kwa chini kwa msasa. Ingeweza kusaidia, lakini rejeta haikuwa mkosaji pekee. Ukuta ndio uliohama. Njia ya tatu ilikuwa kuvunja mishono yote na kuanza upya, jambo ambalo lingevunja pia nyaya, levea na mabano yaliyokwisha kufungwa.

Fundi akachukua ya nne. Ukuta wa kulia tayari ulikuwa umepotoka, na nyuma yake ndiko kulikokuwa na injini aliyotaka ionekane. Akaukata. Alichora dirisha refu kuanzia kwenye kizuizi cha chumba cha injini hadi karibu na giaboksi, akatoboa pembe kwa drili ya mkono, akachanja mistari kwa kisu mara nyingi mpaka kipande kikatoka. Kipande kilipotoka ukuta ulilegea, akausukuma ndani mahali pake na kuushika upya, safari hii akiwa amekwangua rangi kwenye kingo kwanza. Paa likakaa.

Kukata kitu ili kionyeshwe si jambo geni. Makumbusho ya vifaru ya Bovington huko Uingereza yana Centurion nzima iliyopasuliwa kwa urefu, na vyuo vya ufundi vina injini zilizokatwa madirisha na kupakwa rangi nyekundu kwenye kingo ili mwanafunzi ajue wapi ni kata na wapi ni umbo la asili. Fundi alifuata desturi hiyo ya nyekundu.

Kata ilileta swali jipya. Ukuta wa pembeni wa T-55 una unene wa milimita 80, ambazo kwa skeli ni 2.3, lakini bamba la seti lilikuwa jembamba zaidi. Likiwa limefungwa halionekani. Likikatwa linaonekana kama bati la mabasi. Aliongeza unene kwa vipande vya kasha la CD, ambalo nalo ni polistireni na linakubali thina, akayaficha chini ya puti na rangi. Makopo ya mtindi yenye namba 6 kwenye pembetatu, alama ya polistireni, nayo yangefaa, ila ni laini mno kwa ukingo unaotakiwa kunyooka.

Matokeo

Injini inaonekana vizuri kuliko ilivyopangwa. Mtu akisimama upande wa kulia anaona mkao wake wa upana, anaona giaboksi nyuma yake na feni mwishoni, na akiinua paa, ambalo halikugundishwa, anaona rejeta. Vijana wa gereji walielewa bila kuelezwa sana kwa nini fundi wa jeshi lazima ainue rejeta kabla ya kuifikia giaboksi.

Mnara ni habari nyingine. Kazi iliyomo ndani yake ni nyingi na safi: kiti cha mpiga mzinga mbele kushoto, cha kamanda nyuma yake, cha mpakiaji kulia, kitako cha mzinga wa milimita 100 na kinga yake. Unaiona kupitia milango miwili ambayo kila mmoja una upana usiofika sentimita 2. Mpango ulikuwa mnara uinuliwe kwa mkono, lakini ile sakafu inayozunguka iligundishwa chini ya mnara, na kila ukiinuliwa inakwama kwenye makombora ya ukuta wa kulia. Safari ya kwanza ilivunja kombora moja na bano lake. Ikabidi vishikizo vya sakafu vikatwe, sakafu ibaki chini ndani ya bodi, mnara uinuke mtupu.

Uchambuzi: nini kilifaa, nini hakikufaa

Kijitabu cha maelekezo hupangwa kwa mantiki ya kuunganisha. Hakijui utapaka rangi lini, wala hakijui mtazamaji atasimama wapi. Kwa ganda tupu kasoro hiyo haiumi. Kwa modeli yenye sehemu za ndani inaumiza sana, kwa sababu rangi lazima iingie katikati ya kuunganisha, na baada ya paa kufungwa hakuna kurudi.

Walichopaswa kufanya kabla ya kitu chochote ni kusimamisha sanduku zima bila gundi, kwa tepu ya karatasi: sakafu, kuta, kizuizi cha injini, injini yenyewe bila mapambo yake, rejeta, paa. Vipande kumi hivi, jioni moja. Paa likikaa hapo, unajua sehemu zinazogusana ni zipi, nazo unazifunika kwa tepu kabla ya kupuliza rangi. Fundi alijua kanuni hii kwa injini halisi, ambako hakuna anayefunga gasketi juu ya rangi, lakini hakuihamishia kwenye plastiki, pengine kwa sababu vipande vilikuwa vidogo mno kuheshimiwa.

Sanduku likiwa limesimama kwa tepu, unaweka pia taa ya simu juu ya kila mlango na kuchungulia. Kisichoonekana, usikihangaikie. Makombora ni mfano mzuri. Yapo 43, na Fundi aliyapaka yote, kitako, ganda na ncha. Lakini 18 kati yake hukaa kwenye ile rafu iliyo ndani ya tangi la mafuta, ncha zikitazama mbele, vitako vikitazama alipo mpakiaji. Hata kwenye kifaru halisi unachoona ni duara za vitako tu. Ncha zile 18 zimepakwa rangi kwa uangalifu mkubwa na hakuna atakayeziona tena. Wapo wajenzi watakaosema raha ni kujua kwamba zipo. Siwabishii, ila Fundi alikuwa na lengo la kufundisha, na muda ule ungetosha kulitatua tatizo la sakafu ya mnara mapema.

Dirisha lilifanikiwa, lakini kosa la gundi ndilo lililolileta. Lingeamuliwa mwanzoni, ukuta wa kulia ungekatwa ukiwa bado bapa mezani, unene ungeongezwa kabla ya rangi, na kingo zisingehitaji puti. Kwenye modeli iliyomalizika mstari wa chini wa kata una wimbi dogo, kwa sababu kisu kilifanya kazi ndani ya sanduku lililojaa nyaya. Kifaru chenye milango mitatu midogo na paa la chuma kitupu hakionyeshi kitu bila kukatwa au kufunguliwa. Hilo lilijulikana kabla ya fremu ya kwanza kukatwa.

Jambo la mwisho ni uchafu, na hapa Fundi aliwapita wajenzi wengi wenye uzoefu kumzidi. Mpwa alitaka injini ipakwe kutu ya rangi ya chungwa kila mahali, kama anavyoona kwenye picha za modeli za watu. Fundi alimuuliza kutu hiyo inatoka wapi. Bloku ya V-55 ni alumini, na alumini haioti kutu nyekundu. Hufifia ikawa kijivu kikavu. Injini inayofanya kazi huchafuka kwa mpangilio: mafuta huvuja kwenye maungio na chini ya vifuniko vya vichwa vya silinda, vumbi hunata juu ya mafuta hayo, masizi hukaa kwenye mabomba ya ekzosi, na pale mkono wa fundi unapopita kila wiki panang'aa. Kutu halisi waliiweka kwenye ekzosi peke yake. Mafuta waliyachora kwa rangi nyeusi-kahawia iliyozimuliwa sana, ikaachwa itiririke yenyewe kutoka kwenye maungio kwenda chini, na sakafu ya chumba cha injini ikapata dimbwi dogo chini ya giaboksi, lisilo mbali na mfuniko wa kumwagia oili.